Likizo ya King'ora Mlimani

Hospitalini walimwita King'ora, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la wagonjwa. Alibeba wajawazito walioshikwa na uchungu, mafundi walioanguka kutoka juu ya paa, na wazee waliokatika pumzi sahani ikiwa bado mbele yao. Kazi ile ilimfinyanga. Alikula amesimama. Aliongea kwa mkato. Viatu vyake vililala kando ya kitanda, ncha zikielekea mlangoni, na simu ikilia, hata kama ni jirani anaazima ngazi, yeye keshaingiza mguu mmoja.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kwa kuwa kila aliyeingia uani kwao aliita, "Hodi, Fundi!", mumewe naye aliacha zamani kumwita jina jingine lolote. Fundi alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye kicheko chake kilianzia tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. "Huyu bwana," aliwaambia wateja wake, "hata siku ya harusi yetu aliacha injini inaunguruma nje." Wateja walicheka bila kujua kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

King'ora alistaafu mapema kuliko wenzake walivyotarajia. Alisema amechoka, na nani angebishana na mtu aliyefanya kazi ile? Lakini nyumbani hakukaliki. Alizunguka chumba cha ushonaji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku moja alizipanga upya nyuzi zote za mkewe kwa ukubwa badala ya rangi, na Fundi akahangaika na uzi wa bluu mpaka jua likazama.

"Mume wangu," akamwambia, "nakupenda, lakini nakuomba utafute kitu kingine cha kuokoa."

Kitu hicho kilipatikana kwenye kiwanda cha mikate kilichokuwa nyuma ya soko. Walikuwa wanauza gari lao la zamani la kusambazia mikate, refu, la bati, limechujuka rangi lakini injini yake bado ina pumzi. King'ora alilileta nyumbani, akaliegesha mbele ya dirisha la chumba cha ushonaji, na likaziba mwanga wote.

"Hii ni nini tena?" Fundi akauliza, sindano iko mdomoni.

"Nyumba," akasema. "Natengeneza kitanda, kabati na jiko. Tunapanda milimani, mimi na wewe. Tangu tuoane hatujakaa mahali popote bila mimi kuitwa."

Fundi alitoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye blauzi. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri tangu binti yao akiwa mtoto mchanga.

Basi wakajenga. King'ora alipiga misumari wiki nzima nzima. Alitengeneza kitanda cha kukunja ukutani, kabati lenye vizuizi ili vikombe visianguke kwenye kona, na meza ndogo ya mguu mmoja. Fundi alishona mapazia, akaweka godoro jipya, akatundika kioo kidogo mlangoni. Kitu kimoja tu kiliwashinda: harufu ya mkate. Walisugua kwa sabuni, wakaacha milango wazi juani, wakapaka rangi ndani. Wapi! Bati likipata joto, harufu ilirudi mbichi kama imetoka tanuri. Binti yao, aliyeolewa mitaa michache kutoka hapo, alichungulia ndani akashika mbavu kwa kucheka.

"Baba, sasa mnahamia ndani ya mkate?"

"Ukitaka kututembelea njoo na siagi," King'ora akajibu.

Waliondoka asubuhi moja tulivu, shule zikiwa zimefungwa na Fundi hana sare za kushona. Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, kona juu ya kona, upande wa kulia ukuta wa mwamba na upande wa kushoto korongo. Fundi alikaa kushoto, mkoba magotini. Walipofika karibu na maporomoko ya maji, ukungu ulishuka, na gurudumu la mbele la kushoto likatoka kwenye lami. Changarawe zilipiga chini ya gari kama mvua ya mawe. Fundi aliona vilele vya miti chini ya dirisha lake. King'ora alikata usukani kwa nguvu, gari likarudi barabarani, vikombe vikagongana kabatini.

"Nilikwepa jiwe," akasema.

"Sikuliona."

"Lilikuwepo."

Mumewe hakuwahi kugonga hata debe la taka. Fundi akaegemeza kichwa na kujiambia kwamba kuna mambo dereva huyaona na abiria hayaoni.

Kambi ilikuwa uwanja mpana wa majani uliozungukwa na misonobari, mahali palipokuwa zamani kiwanda cha kupasulia mbao. Mashine zilishaondolewa, lakini vumbi la mbao lilikuwa bado limejaa ardhini, laini kama zulia, na mahali pote palinukia utomvu. Kulikuwa na bomba la maji, choo safi, na kibanda cha Msimamizi, mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka.

"Karibuni," Msimamizi akasema, akilizunguka gari. "Mnauza mikate?"

"Tumeishiwa," Fundi akajibu, na tumbo lake likaanza kucheka.

Siku za kwanza Fundi alisubiri mumewe aanze kuhangaika. Alitegemea kumwona akikagua tairi, akikata kuni zisizohitajika, akimfundisha Msimamizi namna ya kufunga bomba. Hakuhangaika. Alitoa kiti cha kukunja, akakiweka mbele ya gari, akakaa. Alikaa! Asubuhi alikunywa chai yake mpaka ikapoa. Mchana alisinzia, kofia usoni. Akaanza hata kula ameketi, kijiko kikienda na kurudi bila pupa, na Fundi akawa anamtazama kwa pembeni kama mtu anayemtazama ndege, akiogopa kumshtua.

Jioni jua lilipopungua walitembea kwenye njia ya kijito. Siku ya kwanza tu walipoianza, King'ora alimshika mkono. Fundi alishtuka kidogo, maana si kawaida yake, tangu ujana wao yeye hutangulia hatua kadhaa mbele na kugeuka kuuliza, "Unakuja?" Sasa alitembea ubavuni kwake, upande wa kulia, vidole vyake vimekaza vya mkewe, na hatua zao zikalingana. Fundi alihofu akisema neno, mkono ule utaondoka. Usiku akilala kwenye godoro lao jipya, harufu ya mkate na ya misonobari zikichanganyika, aliwaza kwamba kumbe kustaafu kunaweza kumrudishia mtu mume.

Walisikiliza ndege wasiyemjua jina, ambaye kila alfajiri alilia kama bawaba ya mlango. Walifua nguo kijitoni. Walibishana kuhusu wimbo fulani wa zamani, nani aliucheza kwanza, wakacheka walipogundua wote wawili wamesahau maneno. Fundi alishona fulana ya mjukuu taratibu, kwa mkono, kwa raha tu, bila mteja anayesubiri mlangoni.

Siku ya kurudi ikafika. Fundi akaanza kufunga vyombo.

"Tukae kidogo tena," King'ora akasema. "Una haraka gani?"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Yeye kuulizwa ana haraka gani, na mtu huyu! Wakakaa. Siku chache baadaye akagusia tena safari, na King'ora akasema betri haijakaa sawa. Baada ya hapo ilikuwa tairi, kisha mawingu, eti barabara italoa. Fundi alitazama juu, hakuona hata wingu la dawa. Alipanda kwenye kisiki ambapo simu ilishika mtandao, akampigia binti yao.

"Wateja wanakuulizia, mama," binti akasema. "Shule zinakaribia kufunguliwa."

"Baba yako hataki kuondoka. Amepapenda huku."

"Baba? Baba yangu mimi?" Binti akashusha sauti. "Mama, hebu mwangalie vizuri, asije akawa anaumwa."

Fundi alishuka kisikini akiwa na neno hilo kichwani kama kibanzi kwenye kidole.

Alasiri hiyo Msimamizi alikuja na drafti lake, kama alivyozoea. Yeye na King'ora walicheza juu ya kreti mbele ya gari. King'ora alikuwa mtaalamu wa mchezo ule. Hospitalini, madereva wakisubiri kuitwa, hapakuwa na wa kumfunga. Lakini mlimani alikuwa akifungwa mfululizo, na Fundi alidhani anampa Msimamizi raha kwa makusudi. Leo alisogeza kiti chake, akatazama. Kete ya Msimamizi ilikaa upande wa kushoto wa ubao, iko wazi kabisa, inaomba kuliwa. Hata yeye Fundi asiyejua kucheza aliiona. King'ora alikuna kidevu, akawaza, akasogeza kete nyingine ya kulia isiyo na maana. Msimamizi akala tatu kwa mpigo, akajipiga mapaja kwa furaha.

"Unanionea huruma wewe!" akasema.

"Umeniweza," King'ora akajibu, akitabasamu. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai kilichokuwa kushoto, na kabla hajakishika, mkono ukakipapasa, polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Mambo yote yakaja kwa pamoja kichwani mwa Fundi: changarawe chini ya gari, lile jiwe ambalo halikuwepo, vilele vya miti. Akaweka ushonaji wake chini, maana sindano ilikuwa imeanza kumchoma vidole.

Alimwacha Msimamizi aondoke, akaiacha jioni ipite. Asubuhi, King'ora alipokuwa akifuta kioo cha mbele, Fundi alisimama kando yake, upande wa kushoto, hatua moja tu, akainua mkono wake wote. King'ora akaendelea kufuta.

"Nimeinua mkono," Fundi akasema.

Kitambaa kikasimama kwenye kioo.

"Tangu lini?" Fundi akamuuliza.

"Tangu lini nini? Niko kazini hapa, Fundi, usiniletee michezo."

"Jicho la kushoto. Huoni."

"Naona vizuri tu!" Alitupa kitambaa kwenye ndoo. Sauti yake ilirudi ile ya mkato. "Nimeendesha magari kabla hujajua kutia uzi kwenye sindano. Nani kakutia maneno hayo? Msimamizi?"

"Ubao wa drafti."

King'ora alikaa kwenye bampa la gari, na mabega yake yakashuka kama hema lililotolewa mti wa katikati. Alisema akitazama majani. Kwamba upande ule ulianza kama moshi. Kwamba alidhani ni uchovu, kisha miwani, kisha umri. Kwamba siku moja, gari halina mgonjwa, anarudi hospitali, mwanamke mwenye kapu alitokea kushoto kwake kana kwamba ameota kutoka ardhini. Alifunga breki, kapu likaanguka, mwanamke akamtukana na kwenda zake mzima. Kesho yake akaandika barua ya kustaafu.

"Sikutaka siku moja nimuue mtu niliyetumwa kumwokoa," akasema.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwonea huruma, lakini nyuma ya huruma hiyo kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichotoka kwanza.

"Kwa hiyo wagonjwa wa watu uliwahurumia," akasema. "Ukakataa kuwapakia. Mimi ukaniweka upande wa korongo."

King'ora alijaribu kusema kwamba barabara aliijua, kwamba alidhani kwenye nafasi kubwa ataona, kwamba alimwahidi mlima. Kila sentensi ilimfia mdomoni. Fundi alichukua shuka yake akaenda kijitoni peke yake, na huko alilia kwa hasira, kisha akalia kwa huruma, kisha akaosha uso. Ndipo akakumbuka mkono. Alirudi juu haraka kuliko alivyowahi kutembea siku zote zile.

"Tulipokuwa tunatembea," akamuuliza akiwa bado anahema, "ulikuwa unanishika mkono kwa sababu hiyo? Ili usidumbukie?"

King'ora alikuwa amekaa palepale kwenye bampa. Alimtazama, akalazimika kugeuza kichwa chote ili amwone.

"Mwanzoni," akasema.

Fundi alisimama pale akilitafuna neno lile. Mwisho akakaa kando yake kwenye bampa, upande ule anaoonekana.

Sasa, watashukaje? King'ora alitaka wakae mpaka apate mtu. Fundi alisema binti yao anaweza kumtuma mkwe. King'ora akaomba, karibu apige magoti: mkwe ana rafiki hospitalini, rafiki ana mdomo, na kabla gari halijafika chini kila mtu atajua King'ora aliletwa nyumbani kama mzigo. Fundi alivuta pumzi.

"Mimi nina leseni," akasema.

Ilikuwa kweli. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yao alisoma udereva, akafaulu, na tangu hapo leseni aliihuisha kila ilipokwisha kwa ajili ya kujitambulisha tu ofisini. Leseni ilikuwa hai. Dereva ndiye aliyekuwa amekufa zamani. Kila alipogusa usukani, mumewe alisema, "Lete, tutachelewa," na kwa kweli siku zote walikuwa wanachelewa.

"Fundi, hili ni gari la mizigo," King'ora akasema. "Siyo cherehani."

"Cherehani nayo ina pedali. Nipe ufunguo."

Walianza palepale uwanjani. Mara ya kwanza gari liliruka kama mbuzi likazima. Mara ya pili liliruka zaidi. Msimamizi alitoka kibandani kwake, akasimama nyuma ya msonobari mnene kwa usalama wake. King'ora alianza kufoka.

"Klachi! Klachi! Siyo hiyo! Achia! Usiachie yote! Kata! Kata kulia! Mama yangu weee!"

Fundi alizima injini. Alichomoa ufunguo, akautia kwenye blauzi yake, akashuka, akachukua fulana ya mjukuu na kuanza kushona.

"Tunaendelea lini?" King'ora akauliza baada ya muda.

"Utakapojua kuongea na mtu."

"Lakini ulikuwa unaelekea kwenye bomba!"

"Nakumbuka siku nilipokuwa na uchungu wa mtoto," Fundi akasema bila kuinua macho. "Ulinipakia kwenye gari lako, ukawa unaniambia kupitia kidirisha cha nyuma. 'Sasa kuna tuta, shika. Sasa tunapinda kulia. Sasa tumeona geti.' Hukufoka hata mara moja. Mtu huyo yuko wapi?"

King'ora alikwenda akazunguka uwanja mara kadhaa, mikono nyuma. Aliporudi aliingia upande wa abiria bila kuambiwa, akafunga mkanda, akasubiri. Na Fundi alipowasha tena, sauti iliyotoka kando yake ilikuwa nyingine, ya chini, tulivu, ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ile ya uchungu. "Kanyaga klachi mpaka chini. Vizuri. Tia ya kwanza. Sasa iachie kidogo kidogo, isikilize itakavyobadilika mlio. Umeisikia? Hapo. Ishike hapo."

Gari likaondoka. Liliuzunguka uwanja polepole juu ya vumbi la mbao, likazunguka tena, na Msimamizi akatoka nyuma ya mti akipiga makofi. Siku zilizofuata waliendelea hivyo asubuhi na alasiri. Fundi alijifunza kuanza kwenye mwinuko, kurudi nyuma kwa vioo vya pembeni, kushuka kilima kwa gia ndogo bila kuchosha breki. Jioni walitembea, na mkono ulikuwa palepale.

Siku waliyoondoka, Msimamizi aliwapa mfuko wa viazi na kuwakumbusha kwamba malori ya magogo hupanda asubuhi. Fundi alipiga moyo konde, akaingiza gia. Kona ya kwanza aliipita akiwa ameshika pumzi. Ya pili akapumua. King'ora hakutazama barabara, alijua haimsaidii. Alifumba macho akasikiliza injini, na kwa kuwa aliikumbuka njia, alimtangulia mkewe kwa maneno. "Inakuja kali ya kulia. Punguza kabla, siyo ndani yake. Kaa karibu na mwamba."

Karibu na maporomoko wakakutana na lori. Lilijaza barabara yote, magogo yamefungwa kwa minyororo, na dereva wake akawasha taa kuomba njia. Nyuma yao kidogo kulikuwa na sehemu pana ya kupishania. Ilibidi Fundi arudi nyuma, kwenye mwinuko, korongo likiwa pembeni. Alikanyaga klachi, gari likaserereka mbele kuelekea lori, akakanyaga breki, injini ikazima. Lori likapiga honi.

"Siwezi," akasema. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. "Njoo uchukue. Siwezi."

Zamani King'ora angekuwa ameshazunguka gari. Hata sasa mkono wake ulishaanza kwenda kwenye kitasa cha mlango. Aliurudisha, akauweka gotini mwake.

"Vuta breki ya mkono," akasema. "Hatuendi popote. Mwache apige honi, injini ni yake. Pumua. Tia ya nyuma. Sasa niambie unaona nini kwenye kioo cha upande wako."

"Naona jani. Naona ukingo."

"Ukingo uko mbali na tairi?"

"Kiasi cha mkono."

"Mkono unatosha. Usiuondoe machoni. Wewe ndiye unayeona, mimi ninasikia tu. Achia klachi mpaka ibadilike mlio."

Gari likatetemeka, likarudi nyuma, inchi kwa inchi, huku Fundi akiutazama ule ukingo kama anavyoutazama mshono uliokaribia kwisha, na changarawe hazikulia. Likaingia sehemu pana, likatulia. Lori likapita likinguruma, na dereva wake, aliyemwona mama wa makamo usukanini na mzee aliyefumba macho kando yake, akatoa kichwa dirishani asiamini. Fundi alimpungia mkono.

Walipofika chini, penye tambarare na maduka, Fundi aliegesha kando ya barabara. Alitaka kushuka, akakuta vidole vyake vimeng'ang'ania usukani na havitaki kuachia. King'ora alivifungua kimoja kimoja, akavisugua.

"Hukugonganisha vikombe," akasema.

Daktari wa macho aliwaeleza kwamba ilikuwa presha ya macho. Kilichopotea jicho la kushoto hakitarudi. Jicho la kulia bado zima, na likiwekewa dawa ya matone kila siku bila kukosa, huenda likamfikisha uzeeni. Lakini usukani, hapana. King'ora aliuliza mara mbili kama ni hapana ya kabisa. Waliporudi, siku kadhaa alikaa kwenye kiti cha kukunja uani, akitazama lile gari la mkate.

Kisha asubuhi moja alioga, akavaa shati safi, akaenda hospitalini kwa miguu. Aliwakuta wenzake wa zamani kwenye benchi la madereva, drafti katikati yao, akawaambia mwenyewe. Aliwaambia kuhusu mwanamke mwenye kapu pia. Aliwaambia waende wakapimwe macho. Mmoja alijaribu kufanya utani, mwingine akamkanyaga mguu. Mwisho dereva mmoja kijana akauliza, "Sasa nani alilishusha gari?"

"Mke wangu," King'ora akasema, na akajikuta amenyoosha mgongo.

Shule zilipofungwa tena, walipanda. Fundi aliendesha, mto umewekwa nyuma ya mgongo wake, miguu bila viatu kwenye pedali kama alivyozoea kwenye cherehani. Mwanzoni King'ora alimtajia kona, moja baada ya nyingine. Ukungu haukuwepo siku hiyo. Korongo lilikuwa limejaa mwanga mpaka chini. Baada ya maporomoko ya maji Fundi alimwonyesha ndege mkubwa aliyekuwa akielea usawa na dirisha, akamwuliza kama anamwona. Hakujibiwa. Aligeuka kidogo. Mumewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, viatu amevua, kichwa kikiyumba na kila kona. Fundi akapunguza mwendo ili kisigonge kioo, akaendelea kupanda.